Injini Nayo Huvuta Pumzi

Hapa Maganzo twasikia mashine za kusaga na pampu za machimboni. Je, injini hufanyaje kazi?

Mwaka 1206 al-Jazari alieleza kitabuni pampu ya pistoni iliyoendeshwa na maji. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya hatua nne: pistoni huvuta hewa na mafuta, huvibana, cheche huwasha moto unaoisukuma, kisha moshi hutolewa. Injini ya Rudolf Diesel, 1897, haikuhitaji cheche: hewa ikibanwa sana hupata joto la kuwasha mafuta.

Lakini zote hula hewa tunayovuta, na moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Basi waambieni baba na kaka zenu: pampu ya injini haiwashwi ndani ya shimo. Uhai ni amana.