Mabamba Yaliyorudishwa, Mafunjo Yaliyobaki (Sehemu ya Pili)

Msomaji anayefungua Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili hukutana na mashahidi kabla ya kukutana na manabii. Kurasa za mwanzo zina hati mbili za mwaka 1829. Katika ya kwanza, watu watatu wanasema malaika aliwaonyesha mabamba ya dhahabu. Katika ya pili, watu wanane wanasema Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wa imani ya Wamormoni aliyesema amekitafsiri kitabu hicho kutoka mabamba hayo, aliwaonyesha, wakayashika na kuyainua.

Kwa wakazi wa ukanda huu wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Kidahwe, utaratibu huo ni mgeni. Mtoto wa madrasa Ujiji huipokea Kurani kwa sikio, kutoka kwa mwalimu aliyeipokea kwa mwalimu wake, na imani yake haingoji aonyeshwe msahafu wa kwanza. Mkristo naye hatakiwi kueleza ziliko mbao za Musa. Kwa Wamormoni, kitu chenyewe kimo katikati ya dai.

Smith alisimulia kwamba malaika Moroni alimtokea mwaka 1823, na mwaka 1827 akamruhusu kuyachukua mabamba kutoka kilima kilicho karibu na Palmyra, jimbo la New York. Lakini hakuyasoma kama mtu asomavyo barua. Mkewe, Emma, alieleza mwaka 1879 kwamba mabamba yalikaa mezani yamefungwa kwa kitambaa cha kitani, naye aliyapapasa. Mumewe alikuwa akitamka maneno huku ameinamisha uso ndani ya kofia yenye jiwe. Mwaka 2015 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilichapisha picha za jiwe ambalo linaamini ndilo lililotumika.

Basi kama hakuyatazama, yalikuwa na kazi gani?

Kazi yake ilikuwa kubwa. Maneno yanayosikika moyoni yanaweza kuwa mawaidha matupu, na mtu akayakubali bila kuuliza yalitoka karne gani. Bamba la dhahabu halikubali hivyo. Likiwapo, basi kulikuwa na mtu aliyelichonga, na watu aliowaandika waliishi mahali fulani katika Amerika ya kale. Mabamba ndiyo yaliyokifanya Kitabu cha Mormoni kidai kuwa historia. Ndiyo maana Smith aliposema malaika ameyachukua tena, pengo lilizibwa kwa ushuhuda wa watu kumi na mmoja. Wale watatu wa kwanza, Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, baadaye waligombana na Smith na kutengwa na Kanisa, ila hawakukana walichokishuhudia. Uthabiti huo unastahili heshima. Hata hivyo, unathibitisha kwamba waliamini wameyaona. Hautuambii kama tafsiri ilikuwa sahihi.

Mafunjo ya Misri yana habari nyingine, kwa sababu yenyewe hayakurudishwa mbinguni. Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, Smith na wenzake walinunua maiti nne za Wamisri wa kale zilizokaushwa, pamoja na hati za mafunjo, kwa dola 2,400. Alisema humo mna maandishi ya Ibrahimu, na mwaka 1842 akaanza kuyachapisha kwa jina la Kitabu cha Ibrahimu. Wakati huo karibu hakuna mtu Marekani aliyeweza kumsahihisha. Baadaye ilidhaniwa mafunjo yote yaliungua katika moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871.

Mfano wa hati iliyobaki ikaja kusomwa upya unaanzia hapa Ujiji. Mwezi huohuo wa Oktoba 1871, mpelelezi Mskoti David Livingstone alirejea Ujiji akiwa hoi, akitoka Nyangwe, katika Kongo ya leo, alikoshuhudia mauaji ya sokoni mwezi Julai. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo alikuwa ameandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Wino ulififia, na dunia ikasoma toleo lililohaririwa na Horace Waller mwaka 1874. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliyapiga picha magazeti hayo kwa mianga ya aina mbalimbali, maneno yakaonekana tena. Zikajitokeza tofauti kati ya alichoandika huko na alichonakili baadaye, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Kwa wenyeji wa ziwa hili, tofauti hizo zinagusa historia yao.

Mafunjo nayo yakaibuka. Mwaka 1967 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliyakabidhi mabaki yake kwa Kanisa. Wataalamu wa Misri wakayasoma: ni maandishi ya mazishi, baadhi yake ya kuhani wa Thebes aitwaye Hor, aliyeishi karne nyingi baada ya zama za Ibrahimu. Jina la Ibrahimu halimo.

Mwaka 2014 Kanisa lilitamka rasmi kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na Kitabu cha Ibrahimu. Wapo waumini wanaosema sehemu iliyotafsiriwa ndiyo iliyopotea. Wengine wanasema mafunjo yalikuwa kichocheo tu, na ufunuo ukaja wenyewe. Jibu hili la pili linamwokoa nabii, lakini linakigeuza kitu kuwa si cha lazima. Na anayelikubali kwa mafunjo ataulizwa kwa nini asilitumie kwa mabamba pia.

Sehemu ijayo itahusu miswada ya Kitabu cha Mormoni, ukiwamo ule ambao Kanisa liliununua mwaka 2017 kwa dola milioni 35.