ODA NDOGO ZA VIPURI KUTOKA NG'AMBO NA SHERIA ZA NCHI ZITOAZO BIDHAA

Wananchi, wafanyabiashara na hata baadhi ya afisi za Serikali huagiza vipuri moja kwa moja kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya viwandani walioko Marekani na Ulaya. Kwa kawaida oda hizo ni ndogo: pampu moja ya mtambo wa kusafishia maji ya chumvi, valvu mbili za kiwanda cha barafu, au kidhibiti kasi cha mota ya kisima. Mara nyengine muuzaji huikataa oda, au huishikilia na kumtaka mnunuzi ajaze fomu ya kueleza kifaa kitatumika wapi na kwa kazi gani. Wengi huliona jambo hilo kuwa ni dharau. Ni vyema ifahamike kwamba muuzaji naye amefungwa na sheria ya nchi yake, na kwamba udogo wa oda si hoja mbele ya sheria hiyo.

Nchini Marekani usimamizi wa mambo hayo uko chini ya Idara ya Viwanda na Usalama ya Wizara ya Biashara. Bidhaa nyingi za kawaida huingia katika fungu liitwalo EAR99, nazo hufika Tanzania bila ya kibali maalumu, ilimradi mpokeaji na matumizi yake havikukatazwa. Shida huanza kwa vifaa vyenye matumizi mawili, yaani ya kiraia na ya silaha. Baada ya Iraki kutumia gesi ya sumu katika vita vyake na Iran, baadhi ya nchi ziliunda Kundi la Australia mwaka 1985 ili kudhibiti kemikali na mitambo ya kuzitengenezea. Tanzania si mwanachama. Kwa hivyo pampu isiyovuja, yenye uwezo wa kusukuma zaidi ya lita 600 kwa saa, ambayo sehemu zake zinazogusa maji zimetengenezwa kwa titani au aloi yenye nikeli nyingi, huhitaji kibali kuja hapa. Ni madini hayo hayo yanayostahimili maji ya bahari! Pampu ya chuma cha pua cha kawaida haimo katika orodha hiyo, na kwa kazi nyingi za visiwani inatosha.

Vidhibiti kasi vya mota navyo vina mpaka wao. Vile vinavyoweza kufikia mzunguko wa 600 kwa sekunde na zaidi, kwa usahihi mkubwa, hudhibitiwa kwa kuwa hufaa kuendeshea mitambo ya kurutubisha urani. Ndiyo maana watengenezaji wengi huvikomesha vyao kwenye 599. Mota ya kisima hutumia mizunguko 50 tu, na mnunuzi hana haja ya kuagiza kile cha juu.

Wapo wanaoamini kwamba mzigo wa thamani chini ya dola 2,500 umesamehewa. Kiwango hicho kinahusu taarifa ya forodha ya Marekani pekee. Kifaa kinachohitaji kibali hutakiwa kutolewa taarifa hata kama bei yake ni dola 50. Vivyo hivyo, kibali cha kuingiza bidhaa kilichotolewa hapa nchini hakichukui nafasi ya kibali cha kule inakotoka.

Jambo la hatari zaidi ni kupitishia mzigo Dubai kwa jamaa au wakala ili kuficha mwisho wa safari. Kifaa cha Marekani huendelea kufungwa na sheria ya Marekani popote kiendapo, na sheria ya mwaka 2018 imeweka adhabu ya hadi miaka 20 jela na faini ya dola milioni moja kwa mwenye kuvunja kwa makusudi. Anayekuwa mashakani kwanza ni yule jamaa aliyeandika jina lake. Kutumia wakala si kosa, bali mtumiaji halisi atajwe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuzaji kwa maandishi namba ya uainishaji wa kifaa, na iwapo kibali kinahitajika. Mwombaji wa kibali kwa kawaida ni muuzaji, na Idara iliyotajwa haitozi ada ya maombi. Utaratibu wao umeweka siku 90 za kuamua, ingawa hesabu husimama pale maelezo yanapopungua. Fomu ya matumizi ijazwe kwa ukweli na kwa ukamilifu: jina la skuli, hospitali au kijiji, mahali mtambo ulipo, na kazi yake. Kuandika "matumizi ya jumla" huzua masuali mapya. Ni kweli kwamba baadhi ya wauzaji huona taabu hiyo haina faida kwa oda ya kifaa kimoja, wakaikataa moja kwa moja. Hapo ni bora kumwendea wakala aliyeidhinishwa na kiwanda katika Afrika Mashariki.

Afisi za Serikali zinazoagiza zizingatie muda huo katika kupanga matengenezo, na zisitoe malipo kamili kabla ya jawabu kupatikana. Nakala ya kibali ihifadhiwe pamoja na kifaa, kwani kikirudishwa kiwandani kutengenezwa, huenda muuzaji akaitaka namba yake kabla ya kukirejesha.