Maji ya kijani ni chakula cha samaki

Ndugu walimaji, wengi wenu munasema: etangi iko, lakini samaki hawakomae, na chakula cha kununua ni bei kali. Tilapia anaweza kupata chakula ndani ya maji yenyewe.

Mufunge kizizi cha miti kwenye pembe ya etangi, kichukue sehemu 1 juu ya 10 ya maji. Muweke ndani majani mabichi na mavi ya kuku ao mbuzi. Mukoroge kila juma. Mbolea inalisha mimea midogo sana yenye inageuza maji kijani. Vidudu vinakula ile mimea. Samaki wanakula vyote, na mavi yao inarudi kuwa mbolea.

Mupime na mukono, mpaka kwenye kiwiko. Vidole vinaonekana bado? Muongeze mbolea. Vinapotea kwenye kiwiko? Ni muzuri. Vinapotea mbele ya kiwiko? Muache mbolea. Samaki wakivuta hewa juu ya maji asubuhi, muingize maji mapya mbio, bila hivyo watakufa.

Tena, maji isipite siku zote: inabeba chakula na kuenda nacho. Mufungule tu kwa kujaza yenye imepunguka.