KANSERE YA JAMAA: KUPASULIWA MBELE YA KUGONJWA?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kutunza nyumba, tuseme jioni moja simu inalia. Ni mdogo wako mwanamke anayeishi Bruxelles. Anasema: « Yaya, waganga wamepima damu yangu. Wameona nimerithi jambo lile lililomletea mama kansere. Wanasema wanaweza kunikata maziwa yote mawili sasa, wakati ningali mzima. Wewe unasema nini? »

Wengi watajibu palepale: « Hapana! Mtu mzima hakatwi. » Wengine watatafuta mulozi katika jamaa. Mbele ya kujibu, uelewe kwanza anachokuambia.

Kipimo kinaonyesha nini?

Kila mtu amepokea kwa baba na kwa mama maagizo yanayoongoza mwili wake. Maagizo hayo yanaitwa jeni. Mbili kati yao, BRCA1 na BRCA2, zilitambuliwa na wataalamu mwaka wa 1994 na 1995. Kazi yao inafanana na kazi ya kikosi cha matengenezo kiwandani: kitu kikivunjika ndani ya chembe za mwili, wao wanakitengeneza. Mtu aliyezaliwa na moja iliyoharibika ana mafundi wachache. Yeye si mgonjwa, na kipimo hakikusema ana kansere. Kimesema kwamba hatari yake ni kubwa kupita ya wengine.

Kubwa namna gani? Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2017 ulionyesha hivi: katika wanawake 100 wenye BRCA1 iliyoharibika, karibu 72 wanapata kansere ya ziwa mbele ya kufika miaka 80, na karibu 44 wanapata kansere ya vifuko vya mayai ya uzazi. Kwa BRCA2 ni karibu 69 na 17. Wanawake wengine wa Ulaya na Amerika wanaopata kansere ya ziwa katika maisha yao ni 12 au 13 hivi katika 100.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua mambo haya kuliko unavyofikiri. Ukiona ufa juu ya galeri, jiwe halijaanguka bado. Kapita anaweza kuweka mtu wa kuuangalia kila siku, au anaweza kuangusha jiwe lote kwa makusudi, watu wakiwa mbali. Hakuna anayecheka kapita wa namna hiyo.

Kuangalia au kukata

Kwa maziwa, mdogo wako ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuangaliwa kila mwaka: mashini ya IRM kuanzia miaka 25 hivi, na radio ya maziwa kuanzia miaka 30. Njia hii haizuii kansere. Inaikamata ingali ndogo, wakati wa kuitibu vizuri. Lakini akikutwa nayo, atapasuliwa, na pengine atapewa dawa kali pia.

Njia ya pili ni kuondoa maziwa. Hatari inapungua kwa sehemu 90 juu ya 100, hata zaidi. Haiishi kabisa, kwa sababu nyama kidogo inabaki. Na bei yake mwilini ni kubwa: hatanyonyesha tena, ngozi ya kifua inaweza kupoteza kusikia, kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Waganga wanaweza kumtengenezea maziwa mengine, lakini pengine atarudi mezani mara mbili au tatu. Wanawake wenye akili timamu wamechagua njia hii, na wengine wenye akili timamu wameikataa.

Kwa vifuko vya mayai, jambo ni lingine, na hapa tunasema wazi. Mpaka leo hakuna kipimo kinachoweza kukamata kansere hiyo mapema kwa hakika. Inajificha ndani ya tumbo, na mara nyingi inajulikana wakati imekwisha kuenea. Juu ya hiyo, waganga wanashauri kwa nguvu kuondoa vifuko pamoja na mirija yake, mama akiisha kupata watoto aliowataka: kwa BRCA1 katikati ya miaka 35 na 40, kwa BRCA2 anaweza kungoja mpaka kati ya 40 na 45. Hatari inapungua kwa sehemu 80 juu ya 100 hivi. Lakini siku za mwezi zinakoma mara moja, joto linapanda mwilini, usingizi unapotea, mifupa inaweza kudhoofika. Lazima munganga amfuate baadaye, asiachwe peke yake.

Mcheza sinema Angelina Jolie, wa Marekani, alipita njia hii. Mama yake alikufa kwa kansere akiwa na miaka 56. Yeye mwenyewe alikutwa na BRCA1 iliyoharibika. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 37, alitangaza kwamba ameondolewa maziwa. Vifuko vya mayai aliviondoa mwaka wa 2015. Angalia vizuri: hakufanya yote siku moja. Kipimo hiki si moto ndani ya nyumba. Mtu ana wakati wa kuuliza, kulala, na kuuliza tena.

Umjibu nini basi?

Umuulize kama munganga amesema jeni imeharibika kweli, au amesema tu « tumeona badiliko, hatujui maana yake ». Majibu ya namna hii ya pili yapo, na hayo peke yake si sababu ya kukata mtu. Umuulize kama anataka kuzaa bado. Umuulize nani atamtunzia watoto majuma yale ambayo hataweza kubeba hata ndoo ya maji. Kama bwana wake anatishia kumuacha, mpigie simu huyo bwana, uongee naye kama shemeji. Mara nyingi mwanamke anaogopa maneno ya nyumbani kuliko kisu. Lakini uamuzi wenyewe mwachie yeye. Kifua ni chake.

Kisha ujiulize wewe mwenyewe. Ikiwa jeni hiyo ilitoka kwa mama yenu, kila mtoto wake, mwanaume au mwanamke, alikuwa na bahati moja kwa mbili ya kuirithi. Usiseme « mimi mwanaume, hainihusu ». Mwanaume anaweza kumpa binti yake. Na yeye mwenyewe, zaidi kwa BRCA2, anaweza kupata kansere ya prostate, na hata ya ziwa.

Kipimo hiki hakifanywi katika kila hospitali, na kansere nyingi za maziwa hazirithiwi. Kwa hiyo usikimbie kudai kipimo. Chukua karatasi. Andika upande wa mama, kisha upande wa baba: nani alipata kansere, ya wapi, akiwa na miaka mingapi. Waulize shangazi na wajomba wangali hai, wao wanakumbuka. Andika pia jina la jeni ambalo mdogo wako atakusomea kwa simu, herufi kwa herufi, na umpelekee munganga karatasi hiyo.