Je, Wajua? Ua la Boga Juu ya Piza Si Pambo

Piza yenye maua juu yake hudhaniwa imepambwa ili ipigwe picha, na kwa maua mengi dhana hiyo ni ya haki. Ua la boga halimo. Mjini Roma, piza ya maua ya boga, jibini mbichi ya mozarela na samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi ni chakula cha kawaida, na mara nyingi haiwekwi sosi ya nyanya, ili ladha nyepesi ya ua isimezwe. Waroma wa kale hawakulijua ua hili. Asili ya maboga haya ni bara la Amerika, na Ulaya yaliingia baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Huko Meksiko, katika pango la Guilá Naquitz jimboni Oaxaca, wanaakiolojia walikuta mbegu za maboga yaliyolimwa miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Jimboni humohumo, hadi leo, watu hukunja ua la boga ndani ya chapati ya mahindi pamoja na jibini nyeupe ya nyuzinyuzi, inayotengenezwa kwa kuvutwa kama mozarela. Pande mbili za bahari, ua lilelile limekutanishwa na jibini ya namna ileile. Siamini kwamba hiyo ni sadfa. Ukilichunguza ua na ukaichunguza jibini, unaona jinsi kila kimoja kinavyomfaa mwenzake.

Kwanza, ua la boga ni mboga. Anayepika majani ya maboga huku kwetu mara nyingi huyatia sufuriani pamoja na maua yake, wala haoni ajabu. Katika kila gramu 100 za ua bichi, maji ni gramu 95 hivi. Kilichobaki ni kidogo, lakini ndani yake mna karotinoidi, rangi zinazolifanya liwe la manjano iliyokolea. Rangi hizo haziyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, na huvumilia joto kuliko rangi nyingi za maua. Ndiyo maana ua la boga hutoka kwenye oveni likiwa limenywea lakini bado ni la manjano, wakati maua ya zambarau na ya buluu, ambayo rangi zake huyeyuka kwenye maji, hufifia kwa joto na kubadilika yakigusana na uchachu wa nyanya. Na kwa kuwa karotinoidi huhitaji mafuta, mwili wetu huzifyonza vizuri zaidi zikiliwa na chakula chenye mafuta. Jibini, basi, inalipa ua kile ambacho ua halina.

Jibini nayo ina hadithi ndefu zaidi. Ili kupata mozarela, maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya, kisha mgando huachwa uchachuke taratibu. Asidi inayotolewa na bakteria huondoa sehemu ya kalsiamu iliyozikaza protini. Uchachu ukifika pH ya 5.2 hivi, mgando ukitiwa kwenye maji ya moto hauvunjiki bali hulainika na kuvutika. Mtengenezaji huuvuta na kuukunja mara nyingi, protini zikajipanga kuwa nyuzi, na kati ya nyuzi hizo vikabaki vijifuko vya maji na mafuta. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walilinganisha jibini za aina mbalimbali juu ya piza, na wakaeleza kwa nini mozarela hutoka na yale madoa ya kahawia. Mvuke huiinua ikafanya malengelenge, mafuta huteremka kutoka kileleni, na kilele kikishakuwa kikavu huungua kidogo. Jibini ya cheddar haikuvutika vya kutosha kufanya hivyo. Hapa inafaa kumtahadharisha mpishi wa nyumbani anayekata maziwa ya moto kwa ndimu akapata jibini nyeupe. Ni tamu, lakini haitayeyuka hata akiongeza moto kiasi gani, kwa sababu protini zake zimeshikana kwa namna isiyolegezwa na joto. Ainyunyize kama nyongeza, asiitegemee ifunike piza.

Pingamizi lenye uzito linatoka jikoni. Mpishi atasema: ua ni maji matupu, jibini mbichi zaidi ya nusu ni maji, na nikiviweka pamoja napata piza iliyolowa katikati. Ni kweli. Palipo na maji, joto haliendi mbali kupita nyuzi 100, na unga hauwezi kugeuka kahawia ukiwa umelowa. Wapika piza wa Napoli, ambao ustadi wao uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2017, hulishinda tatizo hilo kwa moto mkali: oveni ya kuni yenye nyuzi zaidi ya 400, na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzi 250 hivi, na piza hukaa humo dakika nyingi. Lakini hilo linadai kubadili mpangilio tu, halidai kuacha ua. Jibini ikatwe vipande vyembamba na ikae kwenye chujio saa moja au mbili, kisha ikamuliwe kwa kitambaa safi. Sinia nzito ya chuma ipashwe moto ndani ya oveni nusu saa kabla ya unga kuguswa. Ua lipasuliwe upande mmoja, lifunuliwe, lipakwe mafuta kidogo, na liwekwe dakika mbili au tatu za mwisho, kingo za piza zinapoanza kubadilika rangi. Asiye na oveni hajanyimwa: mpishi wa Pwani anayeoka mkate wa kumimina kwa makaa chini na makaa juu ya mfuniko anamiliki tayari kanuni yote ya kuoka piza.

Wengine wanahofia sumu, na hofu hiyo ni ya kuheshimiwa. Si kila ua huliwa. Olianda ina sumu, datura ina sumu ingawa ua lake, kama la boga, lina umbo la tarumbeta, na maua ya madukani yanayouzwa kwa ajili ya mashada huenda yamepuliziwa dawa zisizokusudiwa kuingia tumboni. Hata boga lenyewe likiwa chungu kupita kawaida, liteme, kwa sababu uchungu huo huletwa na kemikali zinazodhuru.

Mkulima naye ana swali lake: tukila maua, maboga yatatoka wapi? Jibu liko kwenye mmea. Mmea mmoja una maua dume na maua jike. Ua jike hukaa juu ya kiboga kidogo cha duara au kirefu kinachoonekana kwa macho. Ua dume limeshikwa na kikonyo chembamba kirefu, na ndani yake mna stameni zilizoungana kuwa kiguzo kimoja kinene kilichojaa chavua ya kunata. Madume hutangulia kuchanua na huwa mengi zaidi. Kila ua hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Likishafunga, nyuki hana cha kufuata. Ukitaka kujaribu piza hii, nenda shambani mapema, chuma madume tu, toa kile kiguzo na ukung'ute sisimizi waliolala ndani, na uache madume machache kila upande wa shamba ili nyuki wapate chavua ya kuwapelekea majike.