Je, Wajua? Mbao Huweza Kuwaka Bila Kuguswa na Moto

Je, wajua kwamba bomba la jiko la kuni linaweza kuunguza nyumba bila cheche hata moja kutoka nje? Mbao iliyo karibu na bomba hukauka kwa miaka mingi na kugeuka mkaa polepole, hata ikawaka kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ndiyo maana kiwango cha Marekani, NFPA 211, kwa kawaida hutaka bomba lenye ukuta mmoja likae sentimita 46 kutoka kitu chochote kinachoungua. Kwenye ukuta wa mbao, pitisha bomba la kuta mbili lenye kihami joto, ndani ya fremu ya chuma inayoacha nafasi ya hewa. Usiizibe nafasi hiyo: hewa ndiyo kinga.