Klabu Ikiomba Kukodishiwa Bustani ya Umma: Mwananchi Aulize Nini?

Swali hili hurudi mara kwa mara katika vikao vya maoni ya umma, na mara nyingi huulizwa kwa hasira: je, kaunti inaweza kuchukua uwanja tunaoutumia sote na kuukodisha kwa klabu ya michezo ya watu binafsi? Jibu fupi ni kwamba kuna ardhi ambayo inaweza kukodishwa, kuna ambayo haiwezi, na hata pale inapowezekana, kaunti haiamui peke yake. Jibu refu lina manufaa zaidi kwa sababu linamwonyesha mwananchi wakati na mahali pa kusema neno lake.

Tuanze na mwenye mali. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema sehemu kubwa ya ardhi ya umma iliyo ndani ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wakaazi, na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC). Jirani akisafiri akakuachia funguo za nyumba yake, unaweza kufagia, kuwasha taa na kumwagilia maua. Huwezi kumtilia mpangaji. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kutunza bustani, fuo na viwanja vya michezo na burudani, lakini kutunza hakuifanyi kaunti kuwa mmiliki. Kwa hivyo barua ya afisa wa kaunti, hata iwe na muhuri mzuri namna gani, haitoshi kumpa mtu ardhi ya umma.

Kibali, leseni na mkataba wa kukodisha

Watu wengi huchanganya mambo haya matatu, na si ajabu, kwa sababu hata sisi maofisini huyachanganya. Timu ikiomba uwanja Jumamosi alasiri kwa mechi, ikacheza, ikakusanya chupa zake na kuondoka, hicho ni kibali cha siku. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua pia leseni ya kutumia ardhi ya umma ambayo haijagawiwa, na leseni hiyo haizidi miaka 5.

Mkataba wa kukodisha ni mzito zaidi. Mwenye mkataba hupata haki ya kuishikilia ardhi hiyo peke yake kwa muda wote ulioandikwa. Anaweza kuweka ua, lango na bawabu. Mtoto aliyezoea kukatiza uwanjani akienda shule ataanza kuzunguka, na vijana waliokuwa wakicheza bila viatu jioni wataulizwa kadi ya uanachama. Kama klabu haimilikiwi kikamilifu na Wakenya, Kifungu cha 65 kinaihesabu kuwa si raia, na haiwezi kupewa zaidi ya miaka 99. Miaka 99 ni vizazi vitatu au vinne. Kwa hivyo ukisikia maneno kama "ushirikiano" au "uboreshaji wa uwanja", uliza kwanza ni karatasi gani itakayotiwa sahihi, na ni ya miaka mingapi.

Tuwe wa haki kwa klabu pia. Nyingi hukata nyasi, huweka taa, hufundisha watoto, na huleta mashindano yanayowapa riziki wauza maji na madereva wa bodaboda. Uwanja uliogeuzwa jaa la taka haumfai mtu. Lakini ubovu wa uwanja ni sababu ya kuukarabati, na mara nyingi kibali au leseni yenye masharti mazuri inatosha kwa kazi hiyo.

Somo la Nyali

Hapa Mombasa tuna mfano ambao sasa unatajwa katika mahakama kote nchini. Kiwanja kimoja kando ya ufuo wa Nyali kilikuwa kimetengwa katika mpango wa eneo kuwa sehemu ya wazi. Mwaka 1989 kiligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa na hatimaye kikafikia kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti iliingia na kubomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kampuni ilienda mahakamani, ikashindwa katika ngazi zote tatu. Mahakama ya Juu ilitoa hukumu yake Aprili 2023.

Majaji walisema ardhi iliyotengwa kuwa sehemu ya wazi haikuwa ya kugawiwa mtu. Hatimiliki iliyotokana na ugavi huo haikulindwa na Kifungu cha 40 cha Katiba, na kampuni haikuweza kujitetea kwa kusema ilinunua kwa nia njema. Kesi hiyo ilihusu hatimiliki na si mkataba wa klabu, lakini hoja yake inaihusu klabu yoyote inayotaka kukodishiwa: kabla ya kujadili kodi na masharti, tazama kwanza ardhi yenyewe ilitengewa kazi gani.

Mwaka huohuo wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua na kupinga hadharani, akatukanwa na wanasiasa, na jumba halikujengwa. Uhuru Park iliokolewa kabla jumba halijasimama. Uamuzi wa mwisho kuhusu Nyali ulikuja miaka 34 baada ya ardhi kugawiwa.

Tangazo la siku 30

Sheria ya Ardhi inaitaka NLC itoe tangazo kwa umma angalau siku 30 kabla ya kugawa ardhi ya umma. Tatizo ni lugha ya matangazo hayo. Uwanja ambao mtaa mzima unauita "kwa mwembe" utatajwa kwa namba ya kiwanja na ukubwa wa hekta, na mwananchi anaweza kusoma tangazo lote asijue kuwa ni pale mtoto wake anapocheza. Mwombe msimamizi wa wadi namba ya uwanja wenu sasa, kabla ya tangazo lolote, muiweke.

Omba pia kusoma rasimu ya mkataba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na huwezi kutozwa zaidi ya gharama ya nakala. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman. Ukiipata rasimu, tafuta saa ambazo umma utaingia bure, kama zipo. Tazama kama klabu inaruhusiwa kumkodisha mtu mwingine, kuiweka ardhi rehani au kujenga mkahawa, na majengo yatakuwa ya nani mkataba ukiisha. Rasimu ikisema tu kwamba umma utaingia "kwa kadiri inavyofaa", uliza itamfaa nani.

Maoni yanaweza kutolewa kikaoni au kwa maandishi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Ukiandika, taja namba ya kiwanja, jina ambalo wakaazi wanalitumia, na siku ya kawaida ilivyo pale: nani hufanya mazoezi alfajiri, nani hupita akienda kazini, mazishi na sherehe hufanyika wapi, swala ya Idi huswaliwa upande gani. Ramani ya ofisini haina mambo hayo.